Kapasita Isiyoshtuka

Pikipiki ilikata kushoto bila kuwasha taa.

Nukta naye alikata kushoto. Matairi ya Land Cruiser nyeupe ya Idara yalilia, gari likamkosakosa muuza magazeti, likaingia mtaa wa mafundi cherehani. Mita sitini mbele, Yamaha nyekundu ilikuwa inapenya kati ya magari bila wasiwasi wowote. Dereva mrefu. Abiria mwanamke, kofia ngumu ya bluu, mikono yote miwili kiunoni mwa dereva.

Mikono yote miwili.

Kisikilizio kilikwaruza sikioni.

"Nukta, hapa Kituo. Unamwona?"

"Namwona."

"Abiria ni nani?"

Katika miaka kumi na minne ya ujasusi Nukta aliwahi kujificha saa sita ndani ya pipa la lami bila kukohoa. Aliwahi kunywa chai na mtu aliyetumwa kumuua, tena akamwongezea sukari. Swali hili lilimshinda.

"Mwanafunzi," alisema. "Hana umuhimu."

Alikuwa mke wake.

Idara ilikuwa na taarifa moja tu. Vito ghafi vya wizi vilikuwa vinatoka nchini ndani ya vifurushi vya klabu ya redio za ridhaa, ya watu wanaoitana hewani kwa burudani, na shehena kubwa kuliko zote ingepanda ndege leo saa kumi. Nani anavifunga vifurushi hivyo, hakuna aliyejua. Mkuu wa Idara alipouliza kazi hii aichukue nani, Nukta alinyoosha mkono kabla sentensi haijaisha. Hakusema kwamba mkewe alikuwa na miezi minane akisoma pale kutafuta leseni ya redio. Wala hakusema kwamba siku moja, kwenye mlo mmoja tu, alimhesabia mara kumi na moja akitamka maneno "Mwalimu amesema".

Mwalimu amesema rezista husomwa kwa rangi zake. Mwalimu amesema dayodi hupitisha umeme upande mmoja, upande wa pili hukataa. Mwalimu amesema kifaa usikiamini kwa sura, kipime.

Nukta alitafuna, akanyamaza. Kwani huyo Mwalimu hana kwao?

Siku tatu nyuma mkewe alirudi nyumbani na kapasita ya klabu, nene kama kopo la maziwa, akaiweka mezani na kuishikisha nyaya za mita ya kupimia umeme. Alieleza kwamba kapasita nzima hunywa umeme na kuuhifadhi: mshale wa mita huruka, kisha hurudi taratibu. Hii mshale wake haukushtuka hata kidogo, tena ilikuwa nzito kupita kiasi. Alimuuliza mumewe kama haoni kuwa ni ajabu. Nukta alikuwa ameona kitu kimoja tu, karatasi iliyobandikwa ubavuni, yenye mwandiko mzuri wa mwanamume. Akaaga, akaenda kulala na njaa.

Kwa mkewe, Nukta alikuwa mkaguzi wa mizani ya sokoni. Miaka tisa ya ndoa alirudi na hadithi za mawe ya kilo yaliyotobolewa chini, zote za kubuni. Mtu huyu ndiye aliyekuwa analala macho akijiuliza kama mkewe anamficha jambo.

Yamaha ilisimama mbele ya jengo la ghorofa tatu. Mwanamke alishuka, akavua kofia, akacheka kwa neno aliloambiwa. Dereva, Mwalimu mwenyewe, alimshikia mkoba.

Roho ya Nukta ilimuuma waziwazi, kama jino.

Mwalimu alikuwa fundi mstaafu wa mnara wa uwanja wa ndege, mjane, mwenye shati lililonyooshwa mpaka mgongoni na sauti ya chini inayomlazimu mtu asogee ili asikie. Nukta alimchukia kwa shati hilo peke yake. Kwa hiyo alipompata mtu wa ndani wa kumpa habari, na mtu huyo akamtaja Mwalimu, hakuhitaji kushawishiwa.

Mtu wa ndani aliitwa Bwana Stoo. Alitunza vifaa vya klabu, alimjua kila mtu, alimwita kila mtu kaka au dada. Nukta alimwendea akijifanya mtu wa ushuru. Swali la kwanza lilihusu mizigo. La pili mpaka la thelathini yalihusu mwanafunzi mmoja wa kike, anakaa wapi, anazungumza na nani, anaondoka saa ngapi. Bwana Stoo hakuwa mjinga. Tangu siku hiyo alimlisha Nukta kile alichokuwa na njaa nacho: leo wamebaki wawili darasani, jana wamekula pamoja, na hizo safari za posta za Mwalimu, kaka, mimi sijui hubeba nini.

Nukta alimeza vyote bila maji. Asubuhi hii peke yake alikuwa amempigia simu mara tano.

Nokia ilitetemeka. Ilikuwa Mkuu.

"Nina kikosi kimoja tu. Nikiweke uwanja wa ndege au klabu?"

"Klabu. Vito vimo ndani ya mkoba wa Mwalimu. Namkamata saa nane."

"Una ushahidi?"

"Nina chanzo."

"Sikukuuliza hilo."

"Ninao, Mkuu."

Saa nane ndipo mtihani wa leseni ulipokuwa unaanza. Sheria ilikuwa kwamba mwalimu wa klabu lazima awepo mpaka mwisho, la sivyo mtihani unafutwa, na mwingine ni mwakani. Nukta aliijua sheria hiyo. Aliichagua saa nane makusudi, ili mkewe aone kwa macho yake pingu zikifungwa mikononi mwa yule mtu wake. Miezi minane ya usiku wa kukariri ingepotea, na hilo nalo Nukta alilijua. Alijiambia ni kazi.

Alipanda ngazi. Beretta kwapani, pingu mfukoni, Casio mkononi. Saa nane na dakika nne.

Alisimama nje ya mlango wa darasa wenye kioo, uliopenyeza harufu ya lehemu na vumbi la moto. Ukutani palikuwa na chati ya rangi za rezista. Watahiniwa tisa walikaa kwenye madawati, na mbele yao mtahini kutoka mamlaka ya leseni, mama mfupi mwenye saa ya kusimamisha iliyoning'inia shingoni. Mwalimu alisimama dirishani, mikono nyuma. Bwana Stoo alikuwa karibu na mlango wa stoo yake, akimkonyeza Nukta kupitia kioo cha mlango.

Mkewe ndiye aliyekuwa mezani, zamu yake ya vitendo. Mbele yake trei ya vifaa na mita.

Alichukua rezista. "Kahawia, nyeusi, nyekundu. Omu elfu moja." Akachukua dayodi, akaipima, akaigeuza, akaipima tena. Hakutetemeka. Nukta hakuwahi kumwona hivi. Nyumbani alikuwa mtu wa kutafuta miwani iliyo kichwani mwake. Hapa alikuwa fundi, na wivu ukampanda upya, kwamba watu hawa wote walikuwa wameshamwona hivi kabla yake.

Nukta alishika kitasa.

Mkewe alichukua kapasita nene. Kwanza alizigusanisha ncha zake kwa bisibisi ili kumwaga umeme uliobaki, ndipo akaweka nyaya za mita. Mshale ulilala. Akaichukua ya pili inayofanana nayo. Mshale ulilala.

"Hizi si mbovu," alimwambia mtahini. "Mbovu ina dalili zake. Hizi hazina kitu cha umeme ndani kabisa, ni makopo, na yamejazwa kitu kizito. Ninayo moja nyumbani. Nilimwonyesha mume wangu, hakunisikiliza."

Mkono wa Nukta ulibaki kwenye kitasa.

"Lete dada, nikubadilishie," Bwana Stoo alisema, na alikuwa ameshafika mezani kabla hajamaliza.

"Rudi," mtahini alimwambia. "Hicho ni kifaa cha mtihani."

Bwana Stoo alinyoosha mkono hata hivyo. Mkono uliyafuata makopo yale mawili tu, ukaviruka vifaa vingine vyote. Nukta aliwahi kuona mkono wa namna hiyo mipakani, hotelini, kwenye vyumba vya mahojiano, na hakuwahi kukosea. Alimgeukia Mwalimu. Mwalimu alikuwa ameduwaa, mikono bado nyuma, mtu anayewaza trei yake imeharibikaje.

Basi ndivyo. Siku kumi na tisa alikuwa amezungushwa kama mtoto.

Alisukuma mlango. Bwana Stoo alimwona, akaelewa, akatimkia stoo.

Nukta aliruka dawati. Beretta mkononi. Stoo ilikuwa chumba chembamba kilichojaa makatoni yenye muhuri wa klabu, na mwisho wake, juu ya meza, lilikaa dude la kuongeza nguvu ya redio, limefunguliwa kifuniko. Ndani yake, katikati ya kapasita kubwa za kweli, kulikuwa na kifuko cheusi kilichotuna kwa mawe ya vito. Bwana Stoo alikuwa anakifuata.

Nukta alimwahi. Alinyoosha mkono kukinyakua kifuko yeye kwanza.

"Mume wangu." Mkewe alikuwa mlangoni, sauti yake tulivu. "Usiguse hapo. Limechomolewa, lakini bado limeshiba."

Nukta aliurudisha mkono.

Bwana Stoo aliitazama plagi iliyolala sakafuni, akacheka. Miaka sita alikuwa ametunza vifaa bila kujifunza hata kimoja. Akatumbukiza mkono.

Paa!

Alirushwa mpaka kwenye rafu. Rezista mia kadhaa zilimwagika juu yake. Alipofumbua macho alikuwa hai, mkono umekufa ganzi, pingu zimeshafungwa.

"Kaka," alisema kwa uchungu, "umenipigia mara tano asubuhi. Hapo nani angejaza trei ya mtihani akaangalia ni katoni ipi?"

Nukta alibonyeza kisikilizio.

"Kituo, hapa Nukta. Hamisheni kikosi. Uwanja wa ndege, ghala la mizigo. Kila kifurushi chenye muhuri wa klabu."

"Na Mwalimu?"

"Hahusiki."

Akaingia Mkuu mwenyewe. "Ulisema una ushahidi."

"Nilikuwa na wivu, Mkuu."

"Hilo siwezi kuliandika," Mkuu alisema, na mawasiliano yakakatwa.

Mtahini alikuwa ameshika saa yake. Alieleza, bila kumtazama mtu, kwamba dakika sita zimepotea na atazirudisha, kwamba Mwalimu hajatoka chumbani kwa hiyo mtihani ni halali, na kwamba mwenye bastola asubiri nje pamoja na mgonjwa wake.

Mwenye bastola alitoka nje.

Saa tisa na nusu kikosi kilimkamata mnunuzi, mgeni mwenye tiketi ya daraja la kwanza, akiwa amesimama ghalani anasaini fomu. Makopo mia mbili na arobaini, yote yamejaa vito. Nukta alipokea habari hizo ameketi kwenye ngazi, na zamani angesimama, angenyoosha koti lake. Hakusimama.

Alisimama mlango ulipofunguliwa. Mkewe alitoka na karatasi mkononi. Amefaulu, ilionekana usoni.

"Mizani ya sokoni," alisema.

"Ningekuambia."

"Lini?"

Nukta aliitazama Casio.

"Umenifuata siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Umeona nini?"

"Mwanafunzi."

"Ungeniuliza, ungeokoa petroli ya watu." Hakucheka. Alikunja karatasi mara mbili, taratibu. Nukta alijua angekaa kimya sasa angekuwa salama, lakini lile jino lilikuwa bado linauma, na swali likamtoka.

"Kwa nini redio? Kwa nini hapa, na hawa?"

Mkewe aliikunja karatasi mara ya tatu.

"Kwa sababu huku nikiita, mtu hujibu."

Akageuka kurudi darasani. Mlangoni alisema wanataka kumkalisha kwenye mtambo wa klabu, Mwalimu akiwa pembeni kama sheria inavyotaka, na kwamba leo atachelewa. Nyumbani wangezungumza. Alisema hilo la mwisho kwa namna ambayo Nukta hakuweza kujua kama ni ahadi au hukumu.

Nukta alivaa miwani ya jua. Alifunga vifungo vya koti juu ya Beretta, akashuka ngazi bila haraka, akautoa ufunguo wa Land Cruiser na kumkabidhi jasusi mwenzake aliyekuwa amemweka Bwana Stoo kiti cha nyuma. Angetembea.

Dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi. Chini yake, katikati ya kelele za cherehani, aliisikia sauti ya mkewe ikiita hewani, polepole, herufi kwa herufi. Mikwaruzo. Akaita tena. Kisha kutoka mbali, mahali ambapo Nukta hakuweza hata kupakisia, sauti ya mwanamume ilimjibu, changamfu, ikimkaribisha kwa furaha.

Mkewe alicheka.

Nani huyo? Yuko wapi? Ana mke?

Nukta alirekebisha miwani, akavuka barabara, akaendelea kutembea bila kuinua kichwa.