Dirisha Jeusi kwenye Kompyuta ya Marehemu Ruphin

Mara ya kwanza lile dirisha jeusi lilipojifungua, Stanislas alicheka. Alikuwa ameiwasha kompyuta sebuleni kwake, mtaa wa Makomeno mjini Lubumbashi, mchana kweupe, umeme ukiwa ndio kwanza umerudi. Kabla picha ya mwanzo haijatulia, skrini yote ikageuka nyeusi, na juu yake mstari mmoja wa maandishi meupe na kistari kinachopepesa. Ni lile dirisha la amri ambalo mafundi hulitumia kuiagiza mashine kazi. Likakaa kidogo, likajifunga. Ikabaki harufu ya dawa ya kupaka kifuani, ile wanayopakwa watu wenye kikohozi.

"Kaprogramu kamoja kanajificha mu démarrage, kanaamka pamoja na mashine," akamwambia binti yake Plamedie. "Ni kintu ya bajinga tu. Minakatosha, minakafuta sasa hivi."

Stanislas ndivyo alivyokuwa. Fundi wa kompyuta katika ofisi za migodi, diploma imetundikwa ukutani mahali ambapo kila mgeni lazima aione, naye aliamini kwamba Lubumbashi imejaa wajinga na kwamba yeye ametupwa katikati yao kwa kuonewa. Aliwadharau wateja wake, akawadharau mapasta na majirani. Marehemu Ruphin, mdogo wake wa tumbo moja, alimdharau tangu wakiwa wadogo. Mjane wa Ruphin ndiyo usiseme.

Na kompyuta yenyewe ilikuwa ya Ruphin. Stanislas aliibeba kutoka nyumbani kwa marehemu, mtaa wa Annexe, wakati watu bado wanalala mikekani kwenye kilio, kabla ukoo haujakaa kugawana vitu vya marehemu, jambo ambalo hata walevi wa ukoo ule hawakuwahi kulithubutu. Alisema Plamedie anahitaji mashine ya kuandikia mémoire, tasnifu yake ya chuo kikuu. Mjane, Albertine, alimfuata mpaka barabarani bila viatu, mwanawe Nono mgongoni.

"Mulamu, ordi kamata, sikatai," alimwambia, akiigusa kompyuta. "Lakini sauti ya baba Nono iko mule. Wakati alijuaka kama hatapona, kila siku alikuwa anamuwekea mutoto hadisi mu ordi. Ngojea kilio itoke, tutoshe kwanza ile masauti mule ndani. Mutoto hana kintu ingine ya baba yake."

"Nitakutumia," Stanislas alijibu bila kugeuka.

Kuzinakili sauti zile kungemchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Hakunakili hata moja. Mwanamke anayeuza makaa, aliwaambia wenzake kazini, atazisikilizia kwenye gunia?

Siku ya pili dirisha jeusi lilikaa muda mrefu zaidi. Stanislas akapekua programu zote zinazoamka pamoja na mashine, akazizima moja moja. Akapekua kazi zilizopangwa kujianzisha zenyewe, akazifuta. Akaendesha dawa ya virusi, haikukuta kitu. Akaizima kompyuta, akaiwasha tena, na dirisha likafunguka, na safari hii alisoma ule mstari vizuri. Mwanzoni mwake mlikuwa na jina la mwenye mashine, kama kawaida ya dirisha lile, na jina lilikuwa Ruphin. Stanislas alikuwa ameifuta akaunti ya Ruphin siku ile ile aliyoileta mashine na kuweka jina lake mwenyewe.

"Papa," Plamedie akanong'ona nyuma yake. "Kuko muntu anakohoa."

"Ni ventilateur," akasema, akionyesha feni ya mashine.

"Ventilateur haikohoake vile. Ni papa Ruphin, minajua kikohozi yake."

Kisha Plamedie akaanza kukohoa yeye. Alikohoa kwa muda wote mashine ilipokuwa imewaka, kikohozi kizito cha mwanamume mgonjwa, na ilipozimwa akapumua sawasawa. Siku iliyofuata ikawa vile vile, na nyingine pia. Msichana akakonda, midomo ikampauka, na kila alipokaa mbele ya ile mémoire yake alishika kifua kwa mikono miwili.

"Turudishe ordi kwa mama mudogo Albertine," aliomba. "Papa, minakufa."

"Weye muntu wa université! Unasema sawa na bantu ba mu pori!"

Lakini majirani walikuwa wameanza kusikia kile kikohozi. Ndipo Plamedie akamwita Pasta Dédé wa chumba cha maombi cha jirani. Stanislas alimpokea kwa mdomo uliopinda. Pasta alikuja na chupa ya mafuta, koti kubwa kuliko mwili wake, akapiga kelele kidogo kama ilivyo desturi, akaweka kiganja juu ya kompyuta. Akakiondoa haraka. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu wa kawaida.

"Huyu siwezi kumufukuza, papa Stanislas. Ni mwenye kintu. Anatafuta yake tu. Urudishe nzima, vile ulikamataka, na uende weye mwenyewe."

"Toka mu nyumba yangu," Stanislas akasema. "Na mafuta yako utaipikia samaki ya makayabu."

Kwa hiyo akaamua kuifuta kompyuta yote, diski nzima, aiweke upya kama imetoka kiwandani. Fundi akishindwa kupata kosa hufanya hivyo, kisha husema ni ushindi. Kwanza alinakili mémoire ya Plamedie kwa uangalifu mkubwa, akahakikisha mara mbili kwamba imefunguka. Karibu yake aliliona jalada lenye jina la Nono, limejaa sauti. Akalipita. Simu ikalia, ilikuwa Albertine.

"Mulamu, Plamedie aliniambia unataka kufuta. Minakuomba na Mungu, usifute."

"Niko ku kazi," akamjibu, akakata, akabonyeza.

Diski ikaanza kufutika, na kadiri ilivyofutika harufu ya ile dawa ya kifuani ikazidi kujaa sebuleni, ikaingia kwenye mapazia, ikaingia kwenye wali uliokuwa mezani, na kutoka ndani ya mashine kikasikika kikohozi ambacho hakikuwa tena cha mtu aliyekaa mahali pamoja bali cha mtu anayekohoa huku akisogea, hatua kwa hatua, kutoka mezani kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kwenda kwenye kochi alikojilaza Plamedie, na Stanislas, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu cha dunia hii, alikaa ameshika ukingo wa meza, hathubutu kugeuka, mpaka kikohozi kikafika kwenye kochi na kukoma ghafla.

Mashine ikawaka safi. Hakuna dirisha, hakuna jina.

"Umeona?" akapiga kelele. "Umeona?"

Plamedie alikuwa ameketi wima, hakohoi tena. Hakusema neno siku ile wala siku zilizofuata. Alikula, alioga, aliwatazama watu, na akipumua karibu nawe unaisikia ile dawa. Stanislas alimsihi, akamfokea, akamlilia. Mtoto wake wa pekee alikuwa bubu, na diploma ukutani haikuwa na la kumwambia.

Akachukua taksi, akampandisha binti, akaibeba kompyuta mapajani, wakaenda Annexe.

Albertine aliwapokea kwa heshima, akawapa viti. Akaiwasha kompyuta mwenyewe. Akatafuta. Akatafuta tena, polepole, kama mtu anayepapasa gizani.

"Masauti iko wapi, mulamu?"

Ndipo Nono akaingia kutoka nje alikokuwa akicheza, akamwendea Plamedie bila kuitwa, akapanda mapajani mwake. Plamedie akakohoa mara moja, kikohozi kizito. Kisha akasema, na sauti ilikuwa ya mwanamume, ya Ruphin, yenye uchovu na upole:

"Nono, mutoto yangu. Leo sungura kalulu anaenda ku muto Kafubu kuloba samaki..."

Mtoto akalaza kichwa kifuani pake. Albertine akajishika mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakimtiririka.

"Plamedie!" Stanislas akaruka, akamkamata mkono. "Simama, twende! Simama!"

Binti akamtazama usoni kwa utulivu.

"Yaya, kaka yangu, nyamaza," akasema kwa sauti ile ile. "Mutoto anasikiliza."

Mkono wake haukung'oka pale, ulikuwa mzito kama wa mtu aliyelala. Albertine akafuta uso, akaifunga kompyuta, akaiweka mikononi mwa shemeji yake.

"Hii kamata, mulamu, haina na kintu tena. Ile sauti yetu inabakia hapa. Jumapili, siku ya Mungu, utakuya kumusalimia Plamedie."

Akamsindikiza mpaka mlangoni, akafunga. Stanislas akabaki uani ameikumbatia mashine, akigonga na kuomba kwa adabu ambayo hakuna mtu wa Lubumbashi aliyewahi kuisikia kutoka kwake, na ndani sauti ya mdogo wake ikaendelea na hadithi.