Mgeni wa Zingamaji

Kitu cha kwanza kilikuwa rangi kukataa kukauka. Huseni, mchora vibao wa Majengo pale Nyeri, alikuwa amepaka ziwa kwa buluu iliyobaki kwenye kopo la kibao cha bucha, na rangi ile aliijua vizuri: ukiipaka leo, kesho unaweza kuilalia. Wiki nzima ikapita, ziwa bado bichi. Ukiligusa, kidole kinatoka na maji. Si rangi, maji! Na mwaka wenyewe ulikuwa themanini na nne, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, mlima umekaa pale na theluji yake kichwani ukitutazama tukifa kiu, na bomba la mtaa likikohoa hewa tupu. Mtu mwenye akili angejiuliza maji hayo yametoka wapi. Huseni alipangusa kidole kwenye suruali akaendelea kuchora.

Ziwa lilikuwa kwenye ramani ya mchezo. Mwalimu Oloo, mtu wa kandokando ya ziwa kule Nyanza aliyeletwa Nyeri kufundisha hesabu, alikuwa ameachiwa sanduku na Mzungu mmoja wa kujitolea: kitabu kinene na dadu za ajabu, nyingine za pande nane, nyingine ishirini. Mmoja anasimulia mji, wengine wanajifanya watu wa mji huo, kila mmoja anasema anafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu. Msimulizi alikuwa Huseni. Oloo alikuwa nahodha wa kivuko. Kingori, mwenye bucha, jitu la watu, alichagua kuwa mwizi, na kila Jumapili alikuwa akikamatwa.

Mji wa kitabuni waliutupa siku ya kwanza.

"Ati mtu anavunja lango anaingia tu?" Kingori alishangaa. "Hii ni mji ama ni boma ya ng'ombe?"

Wakatengeneza wao, wakauita Zingamaji. Nyumba juu ya nguzo, soko la samaki, daraja la mbao, na ndani ya kila nyumba bomba, kwa sababu Huseni alikuwa amechoka kumwona mkewe Rukaya akipanga foleni na mtungi tangu alfajiri. Na sharti wakalitunga wenyewe: haingii mtu Zingamaji mpaka apige hodi langoni, na mwenye mji, yaani Huseni, aseme karibu. Bila karibu ya Huseni, hata dadu ikuangukie ishirini, utalala nje.

Adabu ndiyo iliyokuwa fahari ya Huseni, maana mali hakuwa nayo. Alikuwa na binti mmoja, Waridi, waliyempata baada ya Rukaya kuzika wawili, na roho yake yote ilikuwa kwa mtoto huyo. Kila Jumapili mchezo ukiisha, Waridi alijitanda kanga ya mama yake akasema, "Baba, namsindikiza mgeni." Naye Huseni, macho bado kwenye ramani, alijibu, "Usikawie, mwanangu." Mtoto alimfikisha mwalimu hadi kwenye bomba la mtaa, akarudi. "Hodi, baba, nimerudi." "Karibu." Maneno hayo yalikuwa yakijitokea yenyewe, kama mtu anavyopiga chafya.

Basi Jumapili moja ya Julai, ukungu umeshuka mpaka saa tisa ya mchana ikafanana na magharibi, wanaume watatu walikuwa wameinamia ramani. Rukaya alikuwa kwa jirani, Waridi madrasa. Kingori akarusha dadu.

"Hodi."

"Karibu," Huseni akasema, akaendelea kuhesabu.

Oloo akainua kichwa. "Unamkaribisha nani?"

"Si Kingori yuko langoni?"

"Mimi?" Kingori akasema. "Mimi niko ndani kitambo. Niko na mfuko ya samaki, nimejificha chini ya daraja. Mimi sijasema hodi."

Walicheka, lakini kila mmoja alikuwa akiwatazama wenzake. Ndipo harufu ilipoingia: matope, matete yaliyooza, magamba ya samaki. Oloo aliweka kikombe chini polepole.

"Hii harufu ni ya kwetu," alinong'ona. "Ndiyo nimekulia. Lakini hapa Nyeri, bwana, inatafuta nini?"

Aliondoka chai haijaisha. Miguu ya suruali yake ilikuwa imelowa.

Kesho yake mtungi wa Rukaya ulikuwa umejaa. Siku ya pili, umejaa tena. Usimlaumu mama wa watu. Wewe ungemwaga? Alipika, akafua, akamgawia jirani kimyakimya, na alipomwona Waridi akiamka na nywele zinazodondoka maji alimkausha kwa kanga asiulize neno. Wanawake wa mtaa walikuwa wakipigana ndoo kwa ndoo pale bombani, naye alikuwa na mtungi unaojaa wenyewe. Alinyamaza. Mpaka leo anasema kunyamaza kule ndiko kunakomla.

Kisha mtoto akaanza kukohoa, na alichokohoa ni maji.

"Mgeni anasema pole, baba," Waridi alimwambia Huseni, mdomo wake wa samawati kwa baridi. "Hakujua nitaugua."

"Mgeni gani?"

"Huyu wa uvunguni mwangu. Kwao kulikuwa kinamasi, kimekauka chote, watoto wake wamekufa. Ana adabu sana. Akitaka kupita husema samahani."

Huseni akamsogelea. "Anataka nini kwako?"

"Hataki kitu. Amenijengea nyumba. Ile ya karibu na daraja."

Huseni alikwenda kuitazama ramani, akijipa moyo kwamba ni homa tu, kwamba mtoto akiwa na homa husema lolote, na aliyejaza mtungi ni Rukaya mwenyewe, na paa linavuja, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu mwaka uliotangulia, akaifungua mezani, na pale kando ya daraja, mahali alipokumbuka vizuri kwamba aliacha pawazi, palikuwa na nyumba ndogo juu ya nguzo, imechorwa kwa mkono uliofanana na wake, mlango wake rangi ileile ya gauni la Waridi la Idi, na mlango huo ulikuwa wazi. Akamwita mkewe kwa sauti ambayo hakuijua.

Walimleta Bi Zabibu, aliyekuwa akiuza mahamri asubuhi na kutoa majini jioni, kwa mdomo uleule mkali. Aliinusa ramani, akamgeukia Huseni.

"Jini mvamizi ningemtoa kwa fimbo. Huyu hakuvamia. Umemkaribisha kwa kinywa chako, mbele ya mashahidi. Mgeni hapigwi, anaagwa. Waite wote waliokuwepo. Utamuaga wewe, utampa cha kula njiani, na atoke alivyoingia, peke yake. Akishavuka kizingiti, asipewe neno. Hata moja! Nakujua wewe, mdomo wako una mbio."

Jumapili hiyo wakakaa wote chumbani, Oloo na Kingori kwenye mkeka, Waridi amelala kando akikoroma maji kifuani, Rukaya ameshika mkono wake. Bi Zabibu alifukiza ubani mpaka macho yakawasha. Kwenye sahani palikuwa na ugali wa njano, ndicho tulichokuwa nacho mwaka ule.

"Mgeni wangu," Huseni akasema, "nilikukaribisha, na sasa nakuaga. Chukua hiki cha njiani. Uende salama."

Wakasikia kitu kizito kikijivuta kutoka uvunguni, kikitweta, kikidondoka maji, na sakafu ya saruji ikaanza kulowa kwa nyayo pana zisizo na mwenyewe, moja, kisha nyingine, zikapita kati ya magoti ya Kingori na ya mwalimu, zikasimama kwenye sahani, na sauti ya mzee mpole aliyechoka ikasema, "Ahsante kwa makao, bwana. Nyumba yenye adabu kama hii sijaiona," kisha nyayo zikageuka zikaelekea mlangoni, zikavuka kizingiti.

Harufu ikakatika. Waridi akavuta pumzi ndefu, safi, akaketi, akaomba uji. Rukaya akalia kwa furaha akakimbilia jikoni. Kingori alikuwa akijifuta machozi kwa mikono yote miwili, "Ngai, Ngai," na Bi Zabibu akainama kukusanya makaa yake. Huseni aliivuta ramani. Akaligusa ziwa. Limekauka! Akalipapasa kwa kiganja chote, akicheka peke yake. Kavu kabisa, rangi imeshaanza kupasuka.

"Baba, namsindikiza mgeni."

"Usikawie, mwanangu."

Chetezo cha ubani kilianguka kutoka mikononi mwa Bi Zabibu. Huseni akainua macho. Oloo alikuwa ameketi pale pale mkekani, koti lake magotini. Kingori pia. Mlango ulikuwa wazi, na nje ni ukungu mtupu.

Walikimbia, wakaita, mtaa mzima ukatoka. Nyayo pana na nyayo ndogo zilikwenda bega kwa bega hadi kwenye bomba la mtaa, na hapo zikaisha. Polisi waliandika walichoandika. Vijana walitafuta hadi Gatitu, wakashuka mtoni, wakarudi mikono mitupu. Mvua zilikuja Oktoba, na watu walicheza barabarani kwa shangwe, na Rukaya alikaa kitandani mwa mtoto akaziba masikio.

Huseni alitaka kuichoma ramani. Rukaya akashika kisu. "Uchome mji mwanangu akiwa ndani?" Basi iko ukutani mpaka leo, na ziwa lake ni bichi tena, na kwenye nyumba ya kando ya daraja kuna taa ambayo hakuna mtu aliyeichora.

Kila Jumapili, saa ile mtoto alipozoea kurudi, harufu ya matete hujaza chumba, na sauti yake hutoka mlangoni, safi, haina hata kikohozi.

"Hodi, baba. Nimerudi."

Rukaya ameshaita karibu mpaka sauti ikamkauka. Haisaidii. Mwenye mji ni mmoja tu, ndivyo walivyotunga. Na Huseni, ambaye kinywa chake hakijawahi kungoja, hujijaza mdomoni kanga ile aliyozoea kujitanda Waridi akaiuma, kwa sababu nyuma ya sauti ya binti yake huwasikia wengine, wa vinamasi vyote vilivyokauka mwaka ule, wakipumua, wakidondoka maji, wakisogeasogea kwa subira na heshima kama watu walio kwenye foleni.

"Mjibu mtoto," Rukaya humwambia, bila kumtazama. "Neno lenyewe unalijua."