Majibu ya Udongo Yalipochelewa

Jirani zangu, nawaomba mnisikilize, kwa maana hata mimi nimo ndani ya jambo hili. Nina duka la pembejeo pale njia panda, na mbolea yote aliyotumia Dereva nilimuuzia mimi.

Tulimwita Dereva kwa sababu aliendesha malori miaka ishirini na sita kabla ya kurudi kwenye shamba la marehemu baba yake, kule mteremkoni. Yeye na mkewe, Mama Mapacha, waliishi vizuri. Jioni ungewakuta barazani, mama anachambua maharage, binti zao mapacha wanasomeana madaftari, naye Dereva anawasimulia alivyokwama kwenye tope siku tatu akala ndizi za mwenye mzigo hadi ikabaki mikungu mitupu. Ungesikia vicheko vyao kutoka barabarani.

Msimu wa pili mahindi yakatoka mafupi, ya manjano, kama yana homa.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, analima bondeni, na mahindi yake yanampita mtu kimo. Dereva akaenda kumwuliza siri yake, akaja dukani na jina la mbolea kwenye kipande cha karatasi.

"Nipe hii hii, na uzidishe."

"Lakini bondeni udongo ni mweusi," nikamwambia. "Wako ni mwekundu."

"Dada, udongo ni udongo. Kama mambo ni rangi, si ningekwenda kwa mpaka rangi?"

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, nikampa mifuko yake.

Bibi shamba wetu alipopata habari, alimfuata nyumbani na ramani ya udongo wa wilaya. Akaitandaza kwenye benchi.

"Mzee, wilaya hii ina udongo wa aina nne. Kwako ni huu mwekundu, na nahisi umechachuka, una tindikali nyingi. Mbolea ile ukiizidisha unauchachusha zaidi. Tuupime kwanza, huenda unahitaji chokaa na samadi tu. Na usilime kufuata mteremko. Ukate kwa matuta, maji yasikimbie."

"Binti," akasema Dereva, "umri wako na miaka niliyoshika usukani, kipi kikubwa?"

"Usukani, mzee. Lakini hapa hatuendeshi."

Dereva akainuka, akaingia ndani. Mama Mapacha akaikunja ile ramani, akairudisha kwa mikono miwili. "Nisamehe, mwanangu," akasema.

Msimu uliofuata alizidisha mbolea tena, na mahindi yakadumaa tena. Mkewe alipojaribu kusema, Dereva alinuna siku mbili, hagusi chakula. Yule mama akanijia dukani.

"Dada, usimuuzie tena."

"Nisipomuuzia mimi, atanunua kwingine," nikamjibu.

Ilikuwa kweli, wala haikumsaidia. Akaondoka.

Kisha Dereva akakodi trekta. Akang'oa mistari ya majani ambayo baba yake aliipanda kukata mteremko, akalima kutoka juu hadi chini, moja kwa moja, kama anachonga barabara. Mkewe alilia mbele yake, asisikilizwe.

Asubuhi moja mumewe akiwa hayupo, alizunguka shamba na ndoo safi. Akachota udongo sehemu kumi na tano, kina cha bapa la jembe, akauchanganya, akauanika kivulini, akaniletea kilo moja nimpe bibi shamba. Maabara iko mbali, majibu huchukua wiki sita. Kila akipita dukani aliuliza, "Yamekuja?" Nami nikajibu, "Bado."

Wiki ya tano mvua ikanyesha siku tatu mfululizo.

Tulikwenda majirani wote. Maji yalishuka kwenye ile mifereji ya trekta kwa kasi, mekundu, mazito kama uji. Dereva alipanga mawe, yakasombwa. Akapanga magunia ya mchanga, yakasombwa. Mama Mapacha alisimama mpakani akiparura udongo kwa jembe kuurudisha juu, na kila aliporudisha, mara tatu yake ulimpita miguuni. Tulimshika, tukamtoa. Hatukuwa na lingine la kufanya. Siku ya nne mwamba ulionekana.

Wiki iliyofuata bibi shamba akaleta majibu. Dereva alisikiliza hadi mwisho, kwa mara ya kwanza. Tindikali kali. Chokaa, samadi, makinga maji. Misimu miwili, shamba lingepona.

"Basi tuanze," akasema. "Hiyo chokaa naipata wapi?"

Bibi shamba akatazama mteremko. "Mzee, karatasi hii inaeleza udongo wa juu. Huo sasa uko mtoni."

"Utarudi lini?"

"Sisi hatutauona."

Leo Dereva anaendesha lori la mtu, mgongo umepinda. Mapacha wanaishi kwa mjomba wao bondeni. Mama anafua mashuka hospitalini. Nilimwomba radhi, akasema, "Hata hasira sina, dada. Nitamkasirikia nani?"

FUNZO

Jirani zangu, wilaya ni moja lakini udongo si mmoja. Kinachomfaa ndugu yako bondeni kinaweza kukuulia shamba mteremkoni. Hata bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, pima kabla hujapanda, na upime mapema, maana mvua haingoji maabara. Anayekujua na kukupenda akikuonya ndani ya nyumba yako, kaa umsikilize. Na sisi wauzaji tusijifiche nyuma ya neno "atanunua kwingine". Siku hizi simuuzii mtu mbolea kabla hajanionyesha majibu ya udongo wake. Wapo wanaonitukana na kwenda duka la pili. Nawatazama wakienda, na siwezi kuwazuia.