Barafu ya Adhuhuri

Kila asubuhi ya likizo, Indumati alifagia ua wa kiwanda cha barafu cha baba yake, Bwana Pradip, mjini Kisumu. Mwaka huo mvua ilikuwa haba, mabwawa ya umeme yakapungua maji, na viwanda navyo vikawa vinaongezeka tu. Serikali ikatoa amri: viwanda vitumie umeme kwa zamu. Bwana Pradip akapewa zamu ya usiku.

Basi barafu ikawa inagandishwa usiku na kuyeyuka mchana. Mama Beldina, mchuuzi wa samaki kutoka Usenge, alipofika adhuhuri alikuta maji sakafuni.

"Bwana Pradip, leo pia hakuna barafu? Hawa samaki wangu, hii ngege yote, itaoza! Kesho nikikosa barafu tena, sirudi hapa."

"Baba, tuwashe mashine kidogo tu," kaka yake Indumati alinong'ona. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua!" baba alifoka. "Tukiiba umeme wa zamu ya wengine, wagonjwa hospitalini watakaa gizani."

Hata hivyo uso wake ulisawijika. Bila Mama Beldina na wenzake, kiwanda kingefungwa.

Kwa huzuni Indumati alirudi kufagia makapi ya mpunga kutoka Ahero, yaliyomwagwa mlangoni ili watu wasiteleze. Ufagio ukagonga kitu kigumu. Kipande cha barafu! Kilikuwa kimeanguka humo alfajiri, na bado kilikuwa kizima.

"Baba! Tuifukie barafu ndani ya makapi!"

Kaka yake akaangua kicheko. Baba hakucheka, na jioni ileile aliagiza makapi, magunia kwa magunia.

Alfajiri barafu ilipotolewa, Indumati alibeba makapi ndoo baada ya ndoo, akafukia kila pande la barafu hadi mikono ikamwasha. Kaka yake alitazama weee, mwishowe akaona haya, akashika koleo.

Adhuhuri Mama Beldina alifika amenuna. Baba akafukua. Mapande yakatokea, makubwa, meupe, yakitoa moshi wa baridi!

"Nyasaye, Mungu wangu!" Mama Beldina alipiga vigelegele. "Jazeni masanduku yote! Ngege yangu itafika Nairobi!"

Ua mzima ulishangilia. Bwana Pradip akamshika binti yake begani, akamtazama pia mwanawe wa kiume.

"Mmeona, wanangu? Amri haikutufilisi. Umeme ukipungua, tuongeze akili na jasho. Haki ya jirani tusiiguse."

"Ndiyo, Baba," kaka yake akajibu, akainama kupakia barafu.