Mpunga Uliolala Juu ya Bati

Haya aliniambia mjukuu wangu Nyangi mwenyewe, masika iliyopita, tukipeta mchele uani kwangu, mtaa wa Nyasho. Alianza akiwa ameinamia ungo.

Nyangi anashona nguo sokoni Mukendo. Siku hiyo wauza sangara walikuwa wanapigana vikumbo na wauza mitumba, na katikati yao akatokea kijana mrefu, shati la drafti limenyooshwa pasi, viatu vimejaa tope la majaruba.

"Dada, nataka vifuko vya kitambaa, vidogo kama kiganja. Visiwe na zipu, wala bizimu, wala chuma chochote."

"Vya kutilia nini?"

"Mpunga."

Nyangi akaitambua lafudhi yake, akacheka mpaka uzi ukamtoka sindanoni. "Nyie Wasukuma mnavalishaga mpunga nguo siku hizi?"

"Ukiupenda, unauvalisha."

Jina lake Maige. Alikuwa kwenye shamba la majaribio kule Bunda, akijaribu aina kadhaa za mpunga, apate wenye madini ya zinki kwa wingi na unaozaa vizuri, ili mtoto anayeshindia wali mtupu akue na asiharisheharishe. Akarudi kuchukua vifuko, akarudi tena kusema vimepungua, hata havikuwa vimepungua. Kufika mavuno Nyangi alikuwa anakwenda Bunda kila Jumamosi, gauni lake la njano limefungwa mkanda, kumsaidia kupukuchua kwa mkono.

Jumamosi moja Maige aliitwa Butiama kuandaa mkutano wa wakulima. Mbegu zilikuwa zimeanikwa uani kwa mwenye nyumba wake.

"Nakuachia, mama. Zisiguse chuma, zisione mvua," Maige akamwambia Nyangi.

"Nenda, mura," Nyangi akamjibu, ndiyo kusema kijana kwa lugha ya kwetu. "Mimi si mtoto."

Mchana mvua ikashuka ghafla kutoka ziwani. Mikeka ikalowa. Barazani kulikuwa na mabati mapya ya mwenye nyumba, makavu, yanang'aa. Nyangi akayafuta kwa khanga, akatandaza mbegu juu yake, kila aina peke yake na kifuko chake. Kwake yeye chuma kilikuwa jembe, panga, msumari. Bati lilikuwa bati. Zikakauka, akazirudisha vifukoni, akaona amemtunzia mtu wake.

Mbegu zikapelekwa maabara kupimwa zinki. Majibu yalipotoka, Maige akampigia Nyangi simu, sauti imejaa kicheko.

"Mpenzi, zinki imepanda kuliko tulivyoota. Mzee wa maabara hakuamini, akaniuliza kama mpunga uligusa bati. Nikamwambia haiwezekani, aliyeanika ni Nyangi."

"Bati lina nini?"

"Si linapakwaga zinki lisishike kutu? Mpunga mbichi ukilala pale, unaibeba. Alhamisi nawatangazia akina mama Butiama ile aina iliyoongoza. Zile nyingine nazitupa."

Nyangi akakata simu. Akimwambia, atamvunjia kazi na atamkosa. Akinyamaza, watoto watalishwa mpunga wa uongo, na pengine ule wa kweli ndio unaotupwa. Simu ikaita, hakupokea. Ikaita kesho yake, akaifunika kwa vitambaa. Ukaja ujumbe: *Kama kuna mwingine niambie, nisikae nakuota bure.* Akaufuta akilia.

Alhamisi akapanda basi la Butiama. Uwanjani akina mama walikuwa wamekaa, watoto migongoni. Maige alikuwa ameshika kipaza sauti. Nyangi akamvuta pembeni kwa mkono wa shati.

"Niliuanika kwenye mabati."

"Nini?"

"Mvua ilikuja, mikeka ikalowa. Wote, Maige. Aina zote."

Nyangi akasubiri kufukuzwa mbele za watu. Maige akageuka, akarudi kwenye kipaza sauti.

"Wazazi wangu, majibu yamechafuka. Leo sina mbegu ya kuwapa. Samahani."

Watu wakaguna, wengine wakaondoka. Maige akarudi pale alipomwacha Nyangi.

"Kwa nini hukupokea simu?"

"Niliogopa."

"Mimi nilijua ni yule fundi pikipiki anayeshindaga pale unaposhonea."

"Yule ni mtoto wa mjomba wangu, mura."

Maige akataka kucheka, kicheko kikashindikana. "Kipande cha pili cha shamba hakijavunwa. Tunavuna, tunapeleka tena. Ila majibu yakija chini, mradi unafungwa, nakuwa mtu wa kukaa tu. Nilitaka kuja kwenu kujitambulisha. Sasa naogopa."

"Kuogopa tumeogopa wote. Cherehani ninayo. Njoo."

Jumamosi wakavuna kile kipande, wakapukuchua mpaka ncha za vidole zikachubuka, wakaanika kwenye mikeka mipya. Mwenye nyumba alikuwa ameshaezeka mabati yake. Jioni wakaingiza mikeka ndani. Maige akajinyoosha kwenye benchi la barazani, viatu miguuni, akapitiwa na usingizi.

Nyangi akalala chumbani kwa mwenye nyumba, mbegu zimemzunguka. Majibu yangekuja vipi, hakuna aliyejua. Juu ya paa mvua ikaanza kugonga yale mabati. Akashtuka, akanyoosha mkono gizani, akagusa ukingo wa mkeka. Mkavu. Akagusa wa pili. Mkavu. Mkono akauacha palepale, akasinzia.