Mkono wa Kushoto wa Kinyozi

Ukumbi wa hospitali ulifurika asubuhi ile. Watu bega kwa bega, magongo na viti vya magurudumu vikigombea njia, na karani wa dirishani akiita namba ambazo hakuna aliyezisikia vizuri. Katikati ya vurugu hiyo bahasha ya mama mmoja ikadondoka, karatasi zikatawanyika sakafuni. Kinyozi akainama kumsaidia. Mama naye akainama. Wakashika karatasi moja kwa pamoja, huyu kwa mkono wa kulia, yule kwa wa kushoto, na mikono yao mingine ikabaki inaning'inia tu.

"Na wewe?" mama akauliza, macho kwenye mkono wake uliolala.

"Kiharusi. Mwezi wa nne huu. Kimenichukulia kushoto."

"Mimi kimenichukulia kulia." Akacheka. "Basi tukiunganishwa tutatoa mtu mzima mmoja."

Kinyozi alikuwa na miaka sitini na sita, mkewe alikuwa amefariki miaka minane nyuma, na kwa muda wote huo hakuwa amemtazama mwanamke zaidi ya mara moja. Huyu alimtazama mara tatu. Gauni la kijani, hereni ndogo za dhahabu, na kilemba alichokifunga kwa mkono mmoja kikalalia upande. Kule kulalia upande ndiko kulikommaliza.

Mama huyo alikuwa fundi wa mapazia, naye mjane, na kumbe wote wawili walikuwa wameandikiwa chumba kimoja cha mazoezi, kila Jumanne. Mtaalamu wa mazoezi, binti mchangamfu mwenye koti jeupe, aliwamwagia mezani rundo la karatasi za rangi.

"Leo tunakunja chura," akatangaza. "Waliobuni mchezo huu wanauita origami. Vidole vikikunja, ubongo unakumbuka njia yake."

"Mwanangu, sisi tumekuwa watoto wa chekechea?" Kinyozi akalalamika.

"Kunja kwanza, baba, ugomvi baadaye. Mama, wewe kaa kushoto. Baba, kaa kulia kwake. Mikono mizima ifanye kazi, hii mingine ilale hapo katikati ipumzike. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Basi wakawa mikono miwili ya mtu mmoja. Kinyozi akishikilia pembe, mama anapiga mkunjo. Mama akishikilia, yeye anapiga. Chura wao wa kwanza alikuwa na mguu mmoja mrefu, lakini alipobonyezwa mgongoni aliruka mpaka kwenye kikombe cha chai cha yule binti, na chumba kizima kikaangua kicheko. Kufikia Jumanne ya nne walikuwa wameshakunja kofia, vikapu na ndege, na simu zilikuwa zimeanza.

"Kinyozi, ile kofia niliyokuagiza umekunja?"

"Nimekunja, mpenzi. Ila ukiivaa utafikiriwa umeangukiwa na paa."

"Mpenzi nani? Nani kakupa ruhusa?"

"Ulimi umeteleza."

"Basi uache huko huko ulikoteleza," akajibu fundi wa mapazia, na kwenye simu ukasikika mguno wa mtu anayejizuia kucheka.

Binti yake Kinyozi aliyaona yote. "Baba, siku hizi unapaka manukato kwenda hospitali?" Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Kitu kingine, hata hivyo, kilifichika. Jumanne ya saba mikono yao migonjwa ilikuwa imelala katikati ya benchi kama kawaida, wa kwake na wa mama, na ghafla Kinyozi akasikia joto. Mkono uliokuwa gogo ulikuwa unasikia ngozi ya mtu! Akataka kupiga kelele. Akafumba mdomo. Utaratibu wa chumba kile aliujua vizuri: aliyepona anahamia meza ya pili, dirishani, akunje peke yake. Nyumbani alianza kufunga vifungo kwa mikono miwili. Hospitali aliendelea kuuburuta mkono kama mzigo wa mtu mwingine, na wala hakuona aibu.

Kisha akaja Mwalimu.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mrefu, shati limenyooshwa pasi mpaka linakata, na kiharusi kilikuwa kimemchukulia kushoto vilevile. Maana yake naye alihitaji mkono wa kushoto. Kinyozi alimtazama kichwa kabla ya uso, tabia ya miaka arobaini ya mkasi, akamchukia hapo hapo.

"Hizo nywele amenyolewa na panya?" akamnong'oneza fundi wa mapazia.

"Acha wivu. Mbona ni mzuri tu."

Mzuri tu! Wiki nzima maneno mawili hayo yalimkaa kooni. Mwalimu alisubiri kwa adabu, akimsifia mama jinsi pembe zake zinavyokutana sawasawa. Mama akitabasamu, Kinyozi anahesabu meno yaliyoonekana.

Jumanne iliyofuata foleni ya karani ukumbini ilimchelewesha. Alipoingia chumbani, kwenye benchi lake, kulia kwa mama, Mwalimu alikuwa amekaa. Vichwa vyao vilikuwa karibu. Mama, kilemba chekundu siku hiyo, alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi.

"Samahani, ndugu," Mwalimu akasema, akijaribu kusimama. "Nimeshikilia nafasi tu. Huyu chura ananishinda, hanitii kabisa."

"Anakushinda?" Kinyozi akasogea mezani. "Lete hapa!"

Akamnyang'anya karatasi. Akakunja pembe, akapindua, akapiga mkunjo, akabana miguu, mikono yote miwili ikikimbia kama enzi zake za mkasi na kitana. Kabla hamjahesabu mpaka hamsini chura alikuwa mezani, akabonyezwa, akaruka mpaka kifuani kwa Mwalimu.

Yule binti mwenye koti jeupe akapiga makofi. "Baba, umepona! Jamani, baba kapona!" Wote wakashangilia. Kinyozi alikuwa bado ananyoosha kifua alipokutana na macho ya fundi wa mapazia. Hasira hasara.

"Tangu lini?" akamuuliza, taratibu.

"Leo... wiki mbili..."

"Tangu lini, Kinyozi?"

"Jumanne ya saba."

Ilikuwa ya kumi na tano. Mama akakusanya mkoba wake kwa mkono mmoja, akaondoka bila kuaga.

Simu hakupokea. Kinyozi alipiga asubuhi, akapiga mchana, akapiga kwa simu ya binti yake. Mama alipoisikia sauti akakata. Chakula kikawa hakipiti.

"Baba, ulimdanganya mgonjwa mwenzako kwa mkono mzima?" binti yake akasema. "Hata mimi nisingepokea."

"Niliogopa kutenganishwa naye, mwanangu."

"Basi kamwambie hivyo hivyo. Mficha uchi hazai."

Jumanne akaenda. Hakuchukua kadi wala kuingia mazoezini. Akakaa ukumbini saa mbili nzima mpaka mlango wa chumba cha mazoezi ukafunguka. Fundi wa mapazia akatoka, na pembeni yake, bila shaka, Mwalimu. Roho ikamuuma Kinyozi, lakini akajikaza kisabuni. Mwalimu akawatazama wote wawili, akasema amesahau miwani ndani, akarudi.

"Sema ulichojia," mama akasema. "Nasimama kwa shida."

"Nakuomba radhi."

"Unajua umenifanya nini? Kila Jumanne nilikuwa narudi nyumbani najiambia, hata mimi bado nafaa kitu. Yupo mtu hawezi kukunja karatasi bila mimi. Wanangu hawaniachii hata kubeba kikombe, Kinyozi. Wewe ulikuwa unanihitaji. Kumbe nilikuwa nachezewa."

Machozi yalimlenga Kinyozi, hakuyaficha. "Sikukuchezea. Kitu cha kwanza mkono huu kukisikia ni mkono wako. Nikaona nikisema nimepona, nitahamishiwa dirishani. Nikachagua kuwa kilema karibu nawe. Lilikuwa kosa, ni kosa langu. Sasa nimepona, sina kisingizio. Nimekuja kwa sababu nakupenda, basi."

Karani akaita namba mbili, hakuna aliyeitika.

"Sitaki mtu anayenidanganya ili akae nami."

"Sitakudanganya tena. Ukweli mwingine ndio huu: hata sasa hivi huyo Mwalimu namwonea wivu mpaka tumbo linauma."

Kicheko kikamtoka mama kabla hajakizuia. "Basi endelea kumwonea, maana Jumanne ijayo nakaa naye tena. Mkono wake haujaamka, na mimi ndiye kushoto kwake. Wewe utakuwa dirishani huko, unatazama."

Kinyozi akautazama mlango wa chumba cha mazoezi. "Sawa."

"Hata akinichekesha?"

"Hata akikuchekesha," akasema, na kila neno lilimkwaruza likitoka.

Fundi wa mapazia akampa mkoba wake aubebe, kwa ule mkono wa kushoto.

"Mchana ni wa Mwalimu," akasema. "Jioni nakaa nawe."

"Jioni zipi?"

"Zote."