Sugu za Sauti

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Tarumbeta alivuta kigoda karibu na kiti cha babu yake akamsomea hadithi. Macho ya babu, seremala wa zamani, yalikuwa yamefifia, ila masikio yalikuwa mazima.

"Sauti ya marehemu bibi yako tupu," babu alizoea kusema, amefumba macho. "Ukisoma, namwona pale mlangoni anafuta mikono, ananiita nikale."

Jina la Tarumbeta lilitoka sokoni, alikomsaidia mama yake kuuza mitumba kila Jumamosi. "Chagua, vaa, pendeza!" Wito wake ulifika hadi stendi.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Alikohoa ili kuisafisha, ikazidi. Hakutaka babu ajue kwamba sauti ile anayoipenda inapotea, basi akawa anasoma kwa kunong'ona.

"Bibi mdogo, mbona unanisomea kama mwizi aliyejificha darini?"

"Napumzisha koo, babu. Mafua tu."

"Mafua ya mwezi mzima? Hata mafua huchoka!"

Babu akamwambia mama, na kesho yake mama aliwapeleka wote wawili hospitali. Daktari wa koo alimchungulia Tarumbeta kooni kwa kioo kidogo chenye mpini mrefu.

"Weka mkono shingoni, useme 'aaa'. Unasikia mtetemo?"

"Nausikia."

"Humo mna nyuzi mbili za sauti. Hewa ya mapafuni ikipita katikati yake, zinatetema na kugongana, sauti inatoka. Ulimi na midomo vinaigeuza kuwa maneno. Ukipiga kelele mno, zinagongana kwa nguvu na kuvimba. Zako zimeota vinundu." Akakigeuza kiganja cha babu. "Kama sugu hizi za randa."

Tarumbeta akakitazama kile kiganja kigumu, machozi yakimlenga. "Lakini nilikuwa nanong'ona!"

"Kunong'ona kwa kujikaza kunachosha koo, na kukohoakohoa kunazidi kuzigonganisha. Nyamaza siku chache, kunywa maji, kisha ongea kwa upole."

"Zitapona?"

"Za babu ni za miaka mingi. Zako bado changa, zitalainika."

Jioni zikawa kimya. Babu akatoa randa yake uvunguni, akachonga kwa kupapasa vibao viwili vya kugonganisha. Jumamosi iliyofuata vikalia sokoni: ka! ka! ka! Wateja wakageuka.

"Leo Tarumbeta kawa ngoma!" muuza ndala akacheka.

Wiki zikapita. Jioni moja Tarumbeta akafungua kitabu, akasoma mstari wa kwanza. Sauti ikatoka laini, safi.

Babu aligeuza uso mlangoni.

"Karudi," akasema. Kisha akampapasa mjukuu wake kichwani. "Ila ungesema mapema, tusingezikosa jioni zote hizi. Ukiona mwili una tatizo, tuambie wakubwa wako. Usitufiche kwa sababu unatupenda. Umenielewa?"

"Nimeelewa, babu."

"Haya, soma. Taratibu."